Kiboko Avaa Raba: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tuanze kuwasomea watoto wa Kisumu rasimu ya kitabu hiki cha picha, maswali yamekuwa mengi kuliko kurasa. Mengine yanatoka kwa wazazi, mengine kwa walimu, na yaliyo magumu kabisa yanatoka kwa watoto ambao bado hawajang'oka jino la kwanza. Nimeyajibu hapa yalivyokuja. Ukitafuta swali lako na usilione, soma mpaka chini; huenda mtoto wa mtu amekwisha kuliuliza.

Kitabu kinahusu nini hasa?

Kiboko mmoja wa Dunga, ufuo wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, amezoea kushinda majini, macho na pua tu zikiwa nje. Asubuhi moja anawaona watu wakikimbia kando ya ziwa. Kukimbia hakukumvutia hata kidogo. Kilichomvutia ni trakisuti.

Jumapili anakwenda soko la Kibuye. Anapekua robota baada ya robota la mitumba, na nguo kubwa kuliko zote inamfika begani ikakataa kuendelea. Fundi wa cherehani anaunganisha trakisuti nne kuwa moja, kila mguu na rangi yake. Raba nazo ni jozi mbili, hazifanani. Sasa Kiboko kapendeza, lakini anaona aibu kutembea na nguo ya mazoezi bila kufanya mazoezi. Ndipo shida inapoanza.

Kocha wake ni yangeyange, yule ndege mweupe anayependa kufuatana na ng'ombe malishoni. Yangeyange anakaa mgongoni mwa Kiboko na filimbi mdomoni. Hajawahi kukimbia hata hatua moja maishani mwake, ila ana maoni juu ya kila hatua ya mwenzake. Wazazi wengi hucheka hapo kabla ya watoto. Wanamjua mtu wa aina hiyo. Pengine ndiye aliyewaambia wapunguze chapati juzi.

Ni cha watoto wa umri gani?

Kuanzia miaka minne hadi minane, yaani PP1 (mwaka wa kwanza wa chekechea) mpaka Gredi ya 3. Wadogo husomewa. Wakubwa hujisomea wenyewe na kujifanya wanasomea wadogo.

Je, kitabu kinawacheka watu wanene?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ni haki kuulizwa. Kitabu cha kuchekesha kuhusu mazoezi kinaweza kuteleza vibaya sana. Kicheko rahisi kinajulikana: kiti kinavunjika, suruali inapasuka, mlango haupitiki, watoto wanaangua kicheko, na yule mtoto mmoja wa dawati la nyuma anacheka pamoja nao ili wasije wakamgeukia yeye.

Sisi tulijiwekea sheria moja. Tunacheka majigambo, vifaa na ratiba, mwili hatuucheki. Kiboko anachekesha anapokaa kupanga mazoezi ya mwezi mzima na kutumia asubuhi yote kupaka ratiba rangi. Anachekesha anapofanya pushapu: anashuka vizuri kabisa, kwa ufundi, halafu anaona pale chini pana starehe na analala. Anachekesha anaponyanyua karai la omena kama chuma cha jimu huku mwenye omena akimfuata na mizani. Hakuna mahali popote kitabuni ambapo neno “mnene” linatamkwa, wala “bonge”, wala lolote katika ukoo huo.

Mtu ataniuliza, na kuruka kamba je? Ni kweli, Kiboko anapotua, ardhi inatikisika na tuktuk iliyoegeshwa kando ya barabara inaruka pamoja naye. Mchoraji na mimi tulibishana sana juu ya picha ile. Tuliiacha kwa sababu ya namna watoto wanavyoipokea. Hawamzomei. Wanasimama, wanaruka, wanataka sakafu nayo itoe kishindo kama chake, puu! Kila mtoto anatamani kuwa yule aliyerusha tuktuk. Kama wangekuwa wanamnyooshea mtu kidole, ningeing'oa picha siku hiyohiyo.

Na kuna jambo ambalo wengi hawaligundui mpaka waambiwe: Kiboko wa ukurasa wa pili na Kiboko wa ukurasa wa mwisho ni sawasawa kwa ukubwa. Mchoraji aliweka karatasi moja juu ya nyingine akafuata mstari uleule. Hakupungua hata nukta. Kilichobadilika ni anachoweza kufanya kabla ya kutweta.

Kwetu huku mambo haya yana pande mbili zinazomchanganya mtoto. Shangazi anatoka Siaya, anamwona, anafurahi: “Umenona! Mambo ni mazuri!” Hiyo ni sifa. Jumatatu shuleni mwili uleule unampatia jina la utani. Mtoto anabaki hajui kama mwili wake ni habari njema au habari mbaya. Hatutaki kuwa sauti ya tatu katika ugomvi huo.

Mtoto wangu ni mzito na daktari ameshauri afanye mazoezi. Je, nimsomee peke yake ili ujumbe umwingie?

La, usifanye hivyo. Mtoto anajua dawa hata ikitiwa sukari. Ukimwita peke yake, ukafunga mlango, ukafungua kitabu cha mnyama mkubwa anayefanya mazoezi, amekwisha kuelewa kabla hujasoma jina. Wasomee watoto wote wa nyumba, pamoja na yule mwembamba asiyeinuka kwenye kochi. Na unapofungua ukurasa usimtupie jicho la pembeni. Wataalamu wa afya watafanya kazi yao. Hiki ni kitabu cha kucheka kabla ya kulala.

Basi kinafundisha nini kuhusu mazoezi?

Kidogo kuliko mnavyodhani, na ni kwa makusudi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kujishughulisha kwa nguvu ya wastani au zaidi. Kwa wale wa miaka 3 na 4 ni dakika 180 za kujongea kwa namna mbalimbali katika siku nzima, angalau 60 kati ya hizo ziwe za kumfanya ahemeke. Namba hizi hazimo katika hadithi. Zimo nyuma ya kitabu, kwa maandishi madogo, kwa ajili ya mtu mzima anayependa namba.

Ukizitazama, utaona hazihitaji jimu wala trakisuti. Mtoto anayetembea kwenda shule, akacheza mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, wakati wa mapumziko, akatumwa dukani mara mbili na kukimbia kwa sababu alisahau chenji, amekaribia au amepita. Tatizo ni yule anayebebwa na bodaboda mpaka getini, akaketi darasani, akarudishwa na bodaboda, akakabidhiwa simu. Wa namna hiyo wanaongezeka mjini. Siwalaumu wazazi wao: barabara zetu nyingi hazina njia ya miguu, na nani atamwachia mtoto wa miaka sita avuke Kondele peke yake?

Ndani ya hadithi yenyewe kuna jambo moja tu linalorudiwa. Kila jaribio likimshinda, Kiboko anaketi, anapumua, anasema: “Nimechoka, lakini nimechoka vizuri.” Watoto wanalishika upesi ajabu. Wazazi wametuambia wanalisikia hata mtoto akitoka kuosha sahani moja.

Mbona Kisumu? Si mngemweka Iten, kwenye wakimbiaji?

Iten kila mtu anakimbia. Kiboko akitokea barabarani kule saa kumi na mbili asubuhi, watu wangemsogezea nafasi tu na kumuuliza anajiandaa na mbio zipi. Kichekesho kinataka mahali ambapo wengine wanakunywa chai.

Pia Iten ni juu sana, kama mita 2,400 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake nyepesi ndiyo inayowavuta wanariadha wa dunia nzima kwenda kufanya mazoezi huko. Kisumu tuko chini, kama mita 1,130, kando ya maji, na jua la saa nne asubuhi linakuambia wazi urudi kivulini. Mtu anayetaka kukimbia hapa hupambana na joto kwanza, kisha harufu ya mandazi, halafu tuktuk inayomfuata polepole ikidhani ni abiria. Vyote vitatu vimo kitabuni. Mlima tunao vilevile: ukitoka mjini kuelekea Kakamega, kile kipandio cha Riat kimewatoa watu wengi jasho na majigambo. Kiboko anakipanda mpaka nusu. Yangeyange anamwambia nusu ya pili ndiyo rahisi, kwa kuwa yeye ameiona akiwa angani.

Na viboko wako hapa. Hippo Point haikuitwa hivyo kwa mapambo.

Kiboko ni mnyama hatari. Hamwogopi kuwapotosha watoto wa ziwani?

Tuliulizwa hivi na baba mmoja mvuvi, kwa sauti ya mtu asiye na utani, na jibu letu kwake ndilo hili.

Tunaogopa. Kiboko amepindua mitumbwi katika ziwa hili, amewaua wavuvi, amewaua watu waliokwenda kuchota maji au kulima shamba lililo kando ya matete. Nyumba nyingi za ufukweni zina mtu anayeweza kusimulia. Dume lililokomaa huweza kuzidi kilo 1,500, na nchi kavu kiboko hufikia mwendo wa kilomita kama 30 kwa saa kwa masafa mafupi. Mtu wa kawaida hamshindi. Mama mwenye ndama ni hatari zaidi, na yeyote akijikuta kati ya kiboko na maji yuko mahali pabaya.

Tulifikiria kubadili mnyama. Kenge alipendekezwa, na kenge wa kwetu wanachekesha kwa kweli, lakini kenge tayari ni mwembamba na ana mbio. Kobe amekwisha kutumika katika hadithi za kila mtu. Tukabaki na Kiboko, ila tukafanya mambo mawili. Kwanza, wa kwetu amechorwa awe wa hadithi bila shaka yoyote: ana trakisuti, ana raba, anapanga foleni ya mandazi. Mtoto wa Dunga anayemjua kiboko wa kweli hawezi kuwachanganya, na kwa kweli watoto wa Dunga ndio waliocheka zaidi. Wale wa Milimani waliomwona kwenye televisheni tu ndio tuliohofia.

Kwa hiyo jambo la pili: ukurasa mmoja mwishoni hauna utani hata mmoja. Unaonyesha kiboko wa kweli usiku akitoka majini kwenda kula majani, na njia zake anazozipita kila siku. Unasema usipite njia hizo jioni wala alfajiri, usimkaribie ili umpige picha, usimrushie kitu, na ukimwona karibu na makazi mwambie mtu mzima apige simu KWS, shirika la serikali linalosimamia wanyamapori. Tunaomba ukurasa huo usomwe kwa sauti tofauti. Funga kitabu cha kuchekesha kwanza, nyamaza kidogo, ndipo uufungue.

Yule baba alisema afadhali. Hakusema vizuri, alisema afadhali. Nimeikubali.

Lile jasho jekundu la Kiboko kitabuni ni la kweli au mmetunga?

Ni la kweli, na ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote katika kazi hii. Ngozi ya kiboko hutoa majimaji mazito ambayo mwanzoni hayana rangi, baada ya dakika chache yanageuka mekundu, kisha ya kahawia. Watu wa zamani walidhani anatoka damu. Si damu, na kwa kweli si jasho la kawaida pia, maana hayatoki kwenye tezi za jasho kama zetu. Yanamkinga na jua kali na yanazuia vijidudu, jambo la maana kwa mnyama anayepigana mara kwa mara na kuishi kwenye maji machafu.

Kitabuni, mguu mmoja wa trakisuti ni mweupe. Kiboko anakimbia, anasimama, na mguu mweupe unageuka waridi. Yangeyange anapiga mayowe, anaita ambulensi, anazimia (huku bado kapanda mgongoni), na Kiboko inabidi ampepee kocha wake. Watoto wakiuliza kama ni kweli, waambie ni kweli. Wataenda kubishana na mtu shuleni na watashinda.

Mbona hakuna ukurasa wa kula vizuri?

Kwa sababu Kiboko anakula vizuri kutuzidi sote. Kiboko wa kweli hula majani takriban kilo 40 kwa usiku mmoja. Hajui soda, hajui chipsi. Ni mla mboga kamili na bado ana tani moja na nusu. Mhusika kama huyo hawezi kumfundisha mtu lishe bila kujichekesha mwenyewe.

Zaidi ya hapo, sikutaka kitabu kinachomtisha mtoto kuhusu sahani yake. Anayekula ugali wa mtama, osuga (mnavu) na omena kule Nyalenda hahitaji mwandishi wa hadithi kumwambia ale mboga. Ameshazila, na si kwa kupenda.

Ukurasa wa “saa moja, dakika 59” unamaanisha nini? Mtoto wangu hakucheka, mimi nilicheka, kisha sikuweza kumweleza.

Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, Eliud Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Ndiye mtu wa kwanza kumaliza umbali wa marathoni chini ya saa mbili. Haikuhesabiwa kuwa rekodi rasmi ya dunia, kwa kuwa hayakuwa mashindano ya wazi na alisaidiwa na wakimbiaji waliokuwa wakipokezana kumwekea kasi, lakini Kenya nzima ilisimama kutazama.

Yangeyange naye ameshika saa. Anatangaza kwa fahari: “Saa moja, dakika hamsini na tisa, sekunde arobaini!” Ukitazama picha, Kiboko ndiyo kwanza anamaliza kufunga kamba za raba ya nne.

Mtoto asiyemjua Kipchoge anaweza kucheka kamba za viatu. Anayemjua anacheka mara mbili.

Nina darasa lenye watoto wengi na nakala moja tu. Nifanyeje, mwandishi?

Mwalimu, watoe nje kama hakuna mvua. Hiki ni kitabu cha uwanjani. Soma maneno mpaka uyajue kwa moyo, ni machache, ili ukigeuze kitabu kiwatazame wao muda wote nawe utembee nacho mbele ya mstari. Picha zimechorwa kubwa, mistari mizito, zionekane na aliye mbali.

Kila jaribio la Kiboko linaishia chini ya ukurasa wa kulia kabla hujafungua. Simama hapo. Waulize: “Ataweza?” Waache wapige kelele, ndipo ufungue. Kile kiitikio cha kuchoka vizuri kiwe chao, usikiseme wewe. Na baada ya kusoma, waache wafanye jaribio moja walichague wenyewe. Usifanye yote saba, utapoteza kipindi na huenda mtoto mmoja.

Kuhusu mwanafunzi mwenye ulemavu au mwenye pumu: walimu wengi, kwa nia njema, humpa filimbi awe yangeyange. Siku moja si vibaya. Kila siku ni kumwambia kazi yake ni kutazama. Katika kuruka kamba, anayezungusha naye anatoka jasho, na anaweza kufanya hivyo akiwa ameketi. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta karibu na apumzike anapotaka, bila kuulizwa mbele ya wenzake.

Kwa nini kurasa 32?

Karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapa ikikunjwa hutoa kurasa 16, na mbili hutoa 32. Bei inaamua mambo mengi kuliko msanii.

Mbona hakuna Sheng?

Ipo kidogo, midomoni mwa makanga wa matatu na watoto wanaocheza kati. Simulizi yenyewe iko kwa Kiswahili ambacho mtoto wa Kisumu, wa Nakuru na wa Busia wataelewa wote mwaka huu na miaka kumi ijayo. Sheng ya leo mtoto ataiona ya kizee kabla kitabu hakijachanika.

Mtoto wangu anasema mpira uliochorwa si mpira wa kweli. Ana maana gani?

Ana maana mpira wa kati hutengenezwa kwa makaratasi ya plastiki yaliyofungwa kwa kamba, kama alivyosimuliwa na baba yake. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, na watoto wakahamia kwenye soksi kuukuu na matambara. Mchoraji alichora soksi. Ukitazama vizuri, soksi moja ni ya Kiboko, ndiyo maana mpira ule ni mkubwa hivyo.

Baba anaweza kuendelea kusema wa zamani ulikuwa unadunda vizuri zaidi. Ulikuwa unadunda vizuri zaidi.

Mwisho wake ukoje? Anashinda mbio?

Hakuna mbio. Kuna watoto wanaocheza kati na wamepungukiwa na mchezaji. Kati, kwa asiyekulia huku, ni mchezo wa wawili kurusha mpira kutoka pande mbili na mmoja au zaidi kukwepa katikati. Fikiria Kiboko katikati. Hawezi kukwepa chochote. Mpira unampata kabla haujarushwa, karibu niseme. Kwa hiyo watoto wanafanya kile watoto wanachofanya popote pale, wanabadilisha sheria. Wanavyoibadilisha sisemi. Ninachoweza kusema ni kwamba trakisuti imetundikwa kwenye kichaka, yangeyange amesahau filimbi, na ukurasa wa 29 hauna neno hata moja.

Wazazi wachache wametuomba tumalizie kwa Kiboko kupata medali. Tumekataa kwa heshima.

Kitapatikana lini na wapi?

Bado ni rasimu. Tunakisoma, tunakisahihisha, picha kadhaa zinachorwa upya. Kikiwa tayari kitahitaji namba ya ISBN na mambo mengine ya uchapishaji, na tukitaka kitumike rasmi shuleni lazima kipitie kwanza kwa KICD, taasisi ya taifa ya kukuza mitaala. Mwalimu anayetaka kukijaribu na darasa lake kwa sasa tunampa nakala ya karatasi ya kawaida. Itachanika. Ni kawaida.

Kutakuwa na kitabu cha pili?

Watoto wanataka Kiboko akimbie mpaka Maseno, unakopita mstari wa ikweta, aweke miguu miwili nusu ya kusini ya dunia na miwili nusu ya kaskazini, kisha atangaze amekimbia dunia nzima. Wazo si letu, ni la msichana mmoja wa Gredi ya 2, na kama tutalitumia jina lake litaandikwa humo kwa ruhusa ya mama yake. Wengine wanataka aende Nakuru kuwafundisha heroe kusimama kwa miguu miwili.

Maswali ya watoto, yaliyobaki

*Je, kiboko anajua kuogelea?* Hapana. Anatembea na kurukaruka chini ya maji, akisukuma kwa miguu. Ukimwona kama anaogelea, anatembea tu.

*Anaweza kukaa chini ya maji mpaka kesho?* Dakika kama tano, kisha pua inatoka juu. Hata akisinzia, mwili wenyewe unampandisha apumue.

*Ana vidole vingapi?* Vinne kila mguu. Raba zake zina nafasi tupu mbele, na humo ndimo anamoweka mandazi.

*Kwa nini hakuvua raba kabla ya kuingia ziwani?* Alisahau. Sikiliza ukurasa ule unaposomwa: chubwi, chubwi, chubwi, chubwi. Nne.

*Mama yake yuko wapi?* Yuko picha ya kwanza, nyuma ya matete. Ni masikio tu. Tafuta.

*Yangeyange alilipwa?* Alilipwa panzi, wale wanaoruka Kiboko akikanyaga nyasi. Anasema malipo ya Jumapili bado hajaona.